Mama Mdogo Alivyoirudisha Konso Kwenye Boksi

KAKA AMEONGEA! Jamani, kaka ameongea. Siyo ile "salama Mama" halafu "haya, tutaongea", hapana, ameongea mpaka chai ya mama yake ikafanya utando juu na hakuna aliyeikumbuka. Tena alikuwa anaendesha lori. Mama yake naye alikuwa anaendesha lori, mbele yake, mlimani, na mimi nilikuwa nimekaa chini ya meza nimeshika waya usichomoke.

Ngoja nianze mwanzo, maana mimi nikifurahi hadithi naishika mkia.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu, tumbo moja. Tunaishi nyumba moja na chumba cha mbele ndicho kiwanda chake, maana yeye ni fundi cherehani. Humo ndani kuna cherehani kubwa ya mota, ile ambayo ukikanyaga tu madirisha yanatetemeka, na nyingine ndogo ya kubeba mkononi, ambayo mota yake iliungua zamani ikabaki pambo. Imewekewa ua la plastiki juu. Sakafuni ni vipande vya vitambaa, vipande vya chaki, na pini ambazo ukipita peku unazitafuta kwa mguu bila kutaka. Ameshona sare za shule, mapazia ya ofisi, magauni ya maharusi. Watu wanasema mama mdogo akipindua pindo, hata pindo lenyewe halijui limepinduliwa.

Lakini wateja walikuwa hawaji kwa ajili ya nguo tu. Walikuwa wanakuja na kitambaa wanaondoka wameacha siri. Mimi nimekua nawaona. Mtu anaingia kupunguza kiuno cha suruali, dakika chache anaeleza ndoa yake yote. Niliwahi kumuuliza, "Ma'mdogo, unawafanya nini?" Akasema, "Siwafanyi kitu. Siwaangalii." Kwa sababu macho yake yako kwenye sindano. Mtu ukimkazia macho anajifunga vifungo mpaka shingoni. Ukiangalia kazi yako, anajifungua mwenyewe.

Sasa kaka. Kaka ni mtoto wake wa pekee, kwa hiyo ni kaka yangu, na hilo la mama tofauti sisi hatulijui. Alilelewa chini ya meza ya cherehani, analala juu ya vipande vya vitambaa kama paka. Alikuwa na mdomo huyo. Alipomaliza masomo akapata kazi ya ofisini, mji wa mbali, akaenda. Na huko sijui mdomo aliuacha stendi, maana kila Jumapili akipiga simu ya video, mazungumzo yalikuwa haya, na nayajua kwa moyo:

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Uko salama?"

"Salama. Na wewe?"

"Salama kabisa. Kazi?"

"Kazi salama."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya."

"Haya Mama, tutaongea."

Mlio wa simu ulikuwa mrefu kuliko simu yenyewe. Mama mdogo anaweka simu juu ya meza, anaipapasa kama anayelaza mtoto, halafu anasema, "Yuko salama," kwa sauti ya mtu aliyepewa chenji pungufu akaona aibu kudai.

Na kulikuwa na jambo ambalo kaka hakulijua. Mkono wa kulia wa mama mdogo ulikuwa umeanza kufa ganzi. Ule mkasi mzito wa kukatia, aliousukuma maisha yake yote, ulimla kidole gumba pole pole. Kwanza kilimuuma, baadaye kikaacha kuuma, na kumbe kuacha kuuma ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Daktari akasema apumzike, na mkasi ausahau. Msichana aliyekuwa mwanafunzi wake ndiye anashona sasa, mama mdogo anakaa pembeni anampimia kwa macho. "Legeza hapo. Umevuta." Kaka hakuambiwa. Kwenye simu mama mdogo alikuwa anashika kwa mkono wa kushoto na kusema salama kabisa. Kwa hiyo ukifikiria, walikuwa wanadanganyana wawili, kila mmoja kwa upole.

Siku moja nilikuwa nimelala kwenye kochi na simu yangu, nikasema tu bila kufikiri, "Kaka yuko hewani tangu asubuhi."

"Hewani wapi?" mama mdogo akauliza.

"Kwenye gemu. Wanaendesha malori, yeye na rafiki zake. Wanabeba mizigo, wanapita milimani, wanaongea kwenye hedfoni."

"Wanaongea nini?"

"Kila kitu. Leo anabishana na mwenzake kama kitunguu ni tunda."

Alikuwa anakunja kitambaa, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Anaongea muda mrefu?"

"Saa nyingi tu."

"Basi na mimi nataka kwenda huko," akasema. Alisema vile vile kama mtu anayesema anataka kwenda sokoni.

Nilimwandikia kaka kwamba mama yake anataka kucheza gemu. Alinirudishia vicheko mstari mzima, halafu akaandika: "Kweli?" Baada ya muda likafika boksi. Konso mpya, ile mashine ya gemu unayoichomeka kwenye televisheni, na padi yake ya kushika kwa mikono miwili, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Kwenye simu ya Jumapili ile kaka aliongeza sentensi nzima. "Mama, ukishaiwasha niambie, tutasafiri wote." Mama mdogo alitabasamu mpaka jioni.

Sasa wewe ukishika padi, fikiria unatumia nini. Dole gumba. Dole gumba la kushoto linaongoza, la kulia linaangalia pembeni na kubonyeza, na vidole vingine vinakamata huko nyuma kwenye gesi na breki. Mimi nilikuwa sijawahi kuliwaza hilo, kwa sababu madole gumba yangu yamezaliwa na simu. Mama mdogo alishika padi, ikamponyoka. Akashika tena. Lori likatoka getini vizuri, likaenda moja kwa moja mtoni na mzigo wa saruji. Nikabadilisha vitufe, nikahamishia vya kulia kushoto, sasa dole la kushoto likawa na kazi za mabwana wawili. Lori likaingia mtoni kwa upande mwingine. Tulijaribu siku kadhaa. Nilitafuta kwenye mipangilio yake kila nilichokijua. Sisemi konso zote duniani ziko hivyo, nasema ile yetu na mimi na yeye tulishindwana nayo.

Mara ya mwisho padi ilianguka sakafuni ikafanya kishindo. Mama mdogo aliiokota, akaifuta kwa kipande cha kitambaa, akakunja nyaya zake vizuri kama anavyokunja nguo ya mteja, akarudisha kila kitu mahali pake kwenye boksi. Jumapili kaka akauliza, "Vipi ile kitu?"

"Sijaipenda, mwanangu."

"Hujaipenda?"

"Macho yangu hayaizoei."

"Haya," kaka akasema. Na ile "haya" ilikuwa fupi, nakuapia, fupi kuliko zote.

Nilimwambia mama mdogo, "Si ungemwambia mkono?" Akaniangalia. "Nimwambie ili iweje? Aache kazi aje anishikie kidole?" Lakini siku zile alikuwa akipita karibu na boksi anatembea kwa kunyata kama kuna mgonjwa amelala.

Aliyebadilisha mambo ni Bado Kidogo. Huyu ni fundi simu mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, na tunamwita hivyo kwa sababu ukimuuliza simu yako imefikia wapi, jibu ni hilo. Siku hiyo alileta suruali ifupishwe. Mama mdogo akamwangalia, akaiangalia ile cherehani ndogo yenye ua la plastiki, akaangalia pedali yake iliyokuwa inaning'inia kwa waya.

"Fundi mwenzangu," akasema, "mimi nina miguu mizima na mkono mmoja na nusu. Nataka kuendesha lori."

"Lori?"

"La kwenye gemu."

Bado Kidogo akacheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. "Sasa si una konso mle ndani? Tena mpya. Unawasha, unacheza, basi. Au unataka kompyuta? Kompyuta ni maradhi, Mama. Leo inataka memori, kesho feni, keshokutwa inajizima yenyewe na kukuandikia barua ya kukulaumu."

"Hilo shati lako ulinunua wapi?"

"Dukani."

"Mikono umeikunja kwa nini?"

Akajitazama. "Mirefu."

"Ndiyo hivyo. Konso ni shati la dukani. Zuri, limepigwa pasi, unavaa unaondoka. Na mtu ambaye limemkaa asinikute nalisema vibaya. Lakini ukiwa na mkono mfupi utakunja, na mimi mkono wangu haukunjiki tena. Nataka ya kupimwa."

"Ya kupimwa ina usumbufu. Njoo leo, njoo kesho."

"Unamwambia nani hayo?" mama mdogo akasema, na hapo tukacheka wote watatu, kwa sababu hakuna fundi cherehani duniani ambaye hajamwambia mtu njoo kesho.

Kompyuta tuliipata kwa mwenye stationeri mtaani kwetu, ile ya zamani iliyokuwa inachapia barua na mitihani kabla hajaleta mpya. Bado Kidogo akaifungua. Mimi nilidhani ukiifungua kompyuta imekufa. Kumbe unaitoa kipande unaweka kipande. Akaiongezea memori, akaipachika kadi ya picha iliyotoka kwenye nyingine, akabadilisha feni, na feni mpya ikawa inalia kama mashine ya kupiga ovaloki. Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yake anaangalia kwa hamu ambayo sijaiona tangu aache mkasi. "Kumbe inawekwa viraka," akasema. "Mbona hamkuniambia?"

Halafu pedali. Bado Kidogo alichukua kibodi mbovu, akatoa ile bodi ndogo ya ndani ambayo ndiyo inajua kitufe gani kimebonyezwa. Akaunganisha nyaya mbili kutoka kwenye bodi mpaka ndani ya pedali ya cherehani, na humo akaweka swichi ya kengele ya mlango. Ukikanyaga, kompyuta inaona umebonyeza herufi moja. Herufi hiyo tukaipa kazi ya gesi. Mara ya kwanza tulipochomeka, lori likaondoka lenyewe hakuna aliyekanyaga.

"Vipi?" nikauliza.

"Bado kidogo," akasema, na hakuelewa tulichokuwa tunacheka.

Ikakaa. Kona, vitufe viwili kwa vidole vya kushoto. Breki, kile kitufe kirefu cha chini, anakipiga kwa kiganja cha kulia, kiganja hakihitaji dole gumba. Ukishasimama ukiendelea kukikandamiza, lori linarudi nyuma. Maandishi tukayafanya makubwa mpaka hata mama yangu aliyekuwa jikoni akawa anasoma. Gemu ni ile ile ya kaka, wa konso na wa kompyuta wanakutana barabara moja.

Sasa uone udereva. Ile swichi haijui nusu, ama umekanyaga ama hujakanyaga, na mimi nilidhani itamsumbua. Haikumsumbua kabisa. Fundi akifika sehemu ngumu, kwenye kola au kwenye zipu, hakanyagi akaacha mguu. Anagusa. Gusa, gusa, gusa, mshono mmoja mmoja. Basi lori lake lilikuwa linapanda mlima kwa kugusa gusa, polepole, mzigo hautikisiki. Nilijaribu mimi, nikapindua matikiti maji yote.

Ila alikuja na mazoea yake mengine. Kwanza kona. Kwenye cherehani ukifika kona unasimama, unaacha sindano imezama, unainua mguu wa mashine unaobana kitambaa, unageuza kitambaa, unaendelea. Mama mdogo akawa anafika kona ya barabara anasimama kabisa, katikati, anageuza tairi, ndipo anakwenda. Na ule mguu wa mashine kubwa huwa unainuliwa kwa goti. Kwa hiyo kila kona, goti linapiga meza kwa chini, kikombe kinaruka. Tulihamisha vikombe. Baada ya siku kadhaa kona na goti viliisha.

Kilichogoma ni kimoja. Kila akianza safari, lori linakwenda mbele kidogo, linarudi nyuma kidogo, halafu ndiyo linaondoka.

"Ma'mdogo, mbona unarudi nyuma?"

"Nafunga mshono."

"Mshono gani?"

Akautazama mkono wake kama mtoto aliyeingilia mazungumzo ya wakubwa. Mshono usipoufunga mwanzoni unafumuka, hiyo ndiyo sheria. Mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele. Kwenye mashine kubwa unarudisha kwa kubonyeza wenzo kwa mkono wa kulia, na kiganja chake hakikuwa na habari kwamba siku hizi kinabonyeza breki. Alijikanya, akajikanya, haikutoka.

Jumapili mchana tukaingia barabarani. Jina lake la gemu nilimwandikia Mgeni. Nilimwomba amwambie kaka kabla, akakataa. "Nikimwambia atanisubiri, na mimi nikianguka mtoni ataona aibu mbele ya wenzake. Acha nifike kwanza. Nikishatoka getini salama, nitapiga hodi mwenyewe. Sitakaa kumsikiliza mwanangu kwa siri." Kwenye ule msafara walikuwa wawili, kaka na rafiki yake wanayemwita Mzee Breki, kwa sababu hajawahi kuzigusa. Malori yakajipanga getini. La mama mdogo mbele, la kaka nyuma yake. Mimi nikaingia chini ya meza kushika ule waya wa pedali, maana ulikuwa unalegea.

Mbele kidogo. Nyuma kidogo. Paa.

"We Mgeni," sauti ya Mzee Breki ikatoka kwenye spika, "geti liko mbele, siyo mgongoni."

"Kanivunjia taa," kaka akasema huku anacheka. Sijui ni lini mara ya mwisho kicheko kile kiliingia kwenye nyumba yetu. "Mgeni, tulia. Hakuna anayekukimbiza. Nenda taratibu."

Tukarudishwa kwenye mstari. Mama mdogo akavuta pumzi. Mbele kidogo. Nyuma kidogo. Paa.

"Karudia," Mzee Breki akasema. "Huyu ana ugomvi na wewe. Umemkopa?"

Kaka aliacha kucheka.

"Mbele, nyuma, mbele," kaka akasema polepole, kama anayejaribu kukumbuka wimbo. Halafu akasema, "Mama?"

Mama mdogo akainama kwenye maiki mpaka ikagusa shavu. "Hodi," akasema.

"Mama nani?" Mzee Breki akauliza.

"Mama yangu."

"Shikamoo Mama," Mzee Breki akasema, sauti imebadilika kama mwanafunzi aliyekutwa dirishani.

"Marahaba baba. Poleni kwa taa."

Wakaondoka, tukaondoka. Tukafika daraja la kwanza. Kaka akasema, "Si ulisema hujaipenda?"

"Konso ndiyo sikuiweza. Barabara naipenda."

"Hukuiweza au hukuipenda?"

Mimi chini ya meza nilikuwa nauona mguu wa mama mdogo tu. Gusa, gusa, gusa. Kulikuwa na kona mbaya mbele na nadhani ile kona ndiyo iliyomsaidia, kwa sababu ilibidi aiangalie.

"Mkono wangu wa kulia haufanyi kazi, mwanangu. Dole gumba limekufa. Sijashona tangu uondoke mara ya mwisho."

"Na kila Jumapili unaniambia salama kabisa."

"Ningekwambia nini? Uko mbali."

"Jamani mimi natangulia," Mzee Breki akasema, na nikasikia akiongeza gesi. Mungu ambariki yule kijana, hata kama aliishia mtoni.

Kaka aliuliza maswali mengi siku ile. Daktari gani, dawa gani, nani anakata vitambaa. Mama mdogo alijibu yote, barabara inaenda. Hakumgusia kazi, wala hakuuliza amekula nini. Aliniambia baadaye, "Ukishamfungulia mtu mlango usisimame mlangoni."

Sasa Jumapili iliyopita, hii ninayoipigia kelele tangu juu. Walikuwa wawili tu barabarani. Wanapanda ule mlima mrefu, chai iko mezani.

"Mama."

"Naam."

"Hapo mbele kuna mteremko."

"Nimeuona."

"Ile kazi niliacha. Siyo niliacha. Waliniacha."

Nilishika ule waya kwa nguvu. Nilikuwa nauangalia mguu wa mama mdogo kuliko nilivyowahi kuangalia kitu, na ule mguu haukubadilika. Gusa, gusa. Mwendo ule ule.

"Endelea," akasema. "Nipo."

Akaendelea. Kwamba mkataba uliisha hawakuuongeza. Kwamba anaosha magari nyuma ya gereji na analala chumba cha humo humo, na simu za video alikuwa anapigia mahali ambapo ukuta ni msafi. Kwamba kila akitaka kusema, anaona macho ya mama yake kwenye skrini, yanamwangalia, yanatumaini, na ulimi unakwama. Alieleza wenzake anaoosha nao, mmoja anaimba vibaya, bosi ana paka anayelala juu ya boneti za moto. Mdomo wake wote ule wa chini ya meza, ulikuwa hapo.

"Ile konso," akasema, "ndiyo kitu cha mwisho nilichonunua kwa mshahara. Ndiyo maana uliposema hujaipenda..."

"Ningeipenda kwa mikono yote miwili, mwanangu, kama ningekuwa nayo."

Mimi hapo nilijifuta pua kwa kipande cha gauni la mteja. Kilikuwa kipande tu, msiniangalie hivyo.

"Nirudi nyumbani?" kaka akauliza. "Watu watasemaje?"

"Tushuke kwanza."

Wakashuka. Mteremko ule una kona kama utumbo, na malori yote mawili yalifika bondeni yamesimama wima. Ndipo mama mdogo akasema, "Watu huwa wanasema, hiyo ndiyo kazi yao. Ukitaka kurudi, chumba kipo. Ukitaka kubaki uoshe magari, yaoshe yang'ae, siyo aibu. Mimi sitakuchagulia. Nataka moja tu. Kama siyo salama, usiniambie salama."

"Na wewe, Mama."

"Na mimi."

Bado hajaamua. Jana alipiga simu ya video kutoka gereji penyewe, ukuta mchafu, paka kapita mbele ya kamera. Aliongea kidogo tu, maana kuna gari lilikuwa linasubiri, lakini alisema mgongo unamuuma, na mama mdogo akasema mkono umeamka na baridi. Nimewasikia. Nilifurahi kusikia watu wanaumwa, mwanzo na mwisho.

Sasa rafiki zangu wa shule wanabishana kila siku, konso au kompyuta, picha za nani ni kali, nani ana kasi. Mimi zamani nilikuwa upande wa konso na bado naipenda. Ile ya kwenye boksi tumeitoa, nacheza mpira na mama, na kwa kweli unawasha unacheza, Bado Kidogo hakudanganya. Kompyuta yetu wiki hii imeshajizima mara mbili. Lakini nikiulizwa sasa sisemi kasi. Nasema kwamba kuna kitu kinakutaka wewe ufanane nacho, na kuna kingine kinakuuliza, wewe ukoje? Mtu ambaye vidole vyake ni vizima halioni hilo swali. Mama mdogo alilisikia mara moja kwa sababu maisha yake yote amekuwa akiliuliza yeye, na futi ya kupimia shingoni.

Kama unamjua mtu ambaye mkono wake haushiki padi, au mtu ambaye kwa mama yake ni salama tu kila Jumapili, naomba umtumie hii.